Mke wa Baba Boga

Kok. Kok. Kok-kok.

Giza lilikuwa bado limejaa chumbani, lile giza la alfajiri ambalo hata jogoo hulionea uvivu, na sauti ile ilitoka upande wa jikoni. Msusi akainua kichwa kutoka kwenye mto. Panya hana visigino. Mwizi havai viatu vya sherehe. Akatega sikio. Kok. Kok. Kisha ukaja mlio mdogo, mkavu, kama njiti ya kiberiti inapovunjika, na baada yake kimya kizito cha mtu mdogo aliyefanya kosa kubwa.

"Kidoti!"

"Abee, mama."

"Unafanya nini huko gizani?"

"Nilikuwa nataka ku—"

"Kuvunja viatu vyangu."

"Sijamaliza, mama. Nilikuwa nataka kucheza kama Baba Boga. Na mwalimu wetu anasema mtu akiwa anaongea, tumngoje amalize."

"Mwalimu wenu hana wateja wanaogombania kiti tangu asubuhi. Lete hicho kiatu hapa."

Taa ikawaka. Kidoti alisimama mlangoni na gauni lake la kulalia lililopinda, doa jeusi la kuzaliwa kidevuni, mguu mmoja ndani ya kiatu cha mama kama mtu aliyepanda mtumbwi. Mkononi alishika kisigino, kwa uangalifu, kama jino lililong'oka. Msusi alitaka kukasirika. Akaangalia vile vidole vidogo vilivyokibana kisigino kisianguke, hasira ikamkimbia, akabaki na hasara tu.

Hasara yenyewe haikuwa ndogo. Vile ndivyo viatu vyake pekee vyenye heshima, na jioni ile ile alitakiwa kuanza masomo ya kucheza dansi. Kwa amri ya kazi, si kwa kupenda.

Mchana alikuwa msusi. Jioni alikuwa mke wa boga. Kulikuwa na katuni moja ya familia, ya kuchekesha, iliyoletwa kutoka ng'ambo na kutiwa sauti za Kiswahili ili ionyeshwe kwenye televisheni. Baba wa familia hiyo, mvivu, mjinga, mwenye tumbo la mviringo, watoto walimbatiza Baba Boga. Mkewe, mwenye nywele zilizosimama kama mnara wa simu, wakamwita Mama Mnara. Kila kipindi kilimtaka Mama Mnara amdharau mumewe kabla ya chai, baada ya chai, na tena mwishoni ili watazamaji walale wameridhika. Sauti ya Mama Mnara ilikuwa ya Msusi. Mwongozaji wa katuni, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kamba, alimwokota saluni. Alikuwa amekaa chini ya mashine ya kukaushia nywele alipomsikia Msusi akimwambia mteja, "Rangi hii uliyoniletea, dada, hata ukutani tusingeipaka." Mwongozaji akatoa kichwa kwenye mashine, nywele zikichuruzika maji, akasema, "Huyo. Huyo ndiye ninayemtafuta."

Kazi ile ina desturi yake: kila mtu hurekodi peke yake. Unaingia kwenye kibanda chenye giza, unavaa hedifoni, unasikia sauti ya mwenzako aliyerekodi kabla yako, unamjibu. Kwa hiyo Msusi alikuwa mke wa mtu asiyemjua kwa sura. Alimjua kwa sauti tu, na sauti yenyewe ilikuwa nene, ya polepole, yenye joto la mkate uliotoka kwenye oveni. Mara nyingi alimtukana huku anatabasamu.

Lakini kwa sauti tamu hakuwa mgeni. Baba yake Kidoti alikuwa na sauti tamu kuliko asali, na kwa sauti hiyo hiyo alimuaga kwenye simu, "Nitakupigia baadaye, mpenzi," akapotelea huko huko kwenye baadaye. Tangu hapo mlango wa Msusi ulikuwa na sheria. Mwanamume yeyote aishie nje ya kizingiti mpaka mwenye nyumba awe na hakika naye. Hakika hiyo hakuwahi kuipata, na wala hakuitafuta.

Sasa kilikuwa kimefika kipindi kipya: Baba Boga anaona mkewe akicheza dansi na jirani, anaingiwa na wivu, anajiandikisha masomo ya dansi. Mwongozaji hakutaka mzaha.

"Pumzi za kuigiza nazijua," alisema. "Zinasikika kama mbwa wa kadibodi. Safari hii baba na mama mtafundishwa kucheza kweli, na mtarekodi pamoja, mnacheza mbele ya kipaza sauti. Nataka jasho lisikike."

"Jasho halina sauti, mama," Msusi alisema.

"Langu linayo."

Ndiyo maana siku ile, kati ya mteja na mteja, Msusi alikimbilia sokoni kutafuta viatu.

*

Jua lilikuwa la kuchoma na soko lilikuwa limefurika. Viatu vya mitumba vilimwagwa juu ya maturubai, vya kushoto bila vya kulia, na wauzaji wakavipigia kelele kana kwamba viatu vina masikio. Msusi alivaa gauni la njano lililomkaa vizuri kiunoni na, chini yake, ndala za bafuni. Mwendo ulikuwa wa malkia, miguu ya mtu aliyetoka kuoga. Alipata jozi nyekundu yenye kamba kifundoni. Akatafuta pa kukaa aijaribu. Benchi lilikuwa moja, na juu yake amejinyoosha mwanamume mrefu mwembamba, ovaroli ya buluu, kola safi, harufu ya sabuni na mafuta ya mashine. Mguu mmoja ulikuwa kwenye kiatu cheusi kinachong'aa. Mwingine ulikuwa kwenye soksi iliyotobolewa na kidole gumba.

"Kaka, samahani. Naomba nikae hapo pembeni."

Mwanamume akainua macho. Akafungua mdomo. Alichotaka kusema ni "Karibu, dada, kaa tu," maneno yasiyo na dhambi, na alikuwa ameyapanga vizuri kichwani. Lakini ile herufi ya kwanza ilimkwama kooni kama mfupa wa samaki. Ndivyo alivyokuwa tangu utoto: kigugumizi kilimkaba mbele ya wageni, na mbele ya wageni wazuri kilimkaba kwa mikono miwili. Alikuwa fundi wa friji. Friji hazikumtaka maneno, ndiyo sababu alizipenda. Akaufunga mdomo, akatabasamu upande mmoja, tabasamu la aibu ambalo kwa asiyejua lilifanana kabisa na dharau.

Na Msusi hakujua.

"Aaa," alisema, mikono kiunoni. "Kumbe benchi ni urithi wa baba yako. Salamu haikatwi kodi, kaka."

"Dada, viatu viko huku," alisema muuzaji. "Ugomvi hatuuzi."

Fundi akasimama upesi, akamwonyesha benchi kwa mikono yote miwili. Msusi akaona hata mikono ile ina maringo. Fundi akajaribu tena. Safari hii alitaka kuomba radhi.

"Sa—"

"Sasa nini? Sasa nipige magoti nishukuru? Nenda zako na soksi yako inayochungulia."

Watu wakacheka. Fundi akalipa, akachukua viatu vyake vyeusi, akaondoka huku masikio yakimuwaka. Msusi akakaa kwenye benchi lake la ushindi. Viatu vyekundu vilimbana kidogo, lakini hakutaka kukiri mbele ya hadhara.

*

Ukumbi wa dansi ulikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro. Kioo kirefu chenye ufa, feni iliyozunguka kwa kulazimishwa, na katikati yake mwalimu mfupi mwenye suruali nyeupe ya kubana, nywele zinazong'aa kwa mafuta, shati lililokosa vifungo vitatu vya juu kwa makusudi. Wanafunzi walimwita Springi. Mwenyewe aliamini ni sifa.

Msusi alipoingia, wa kwanza kumwona alikuwa yule mtu wa benchi.

"Wewe!" Msusi alisema.

"Mmeshafahamiana?" Mwongozaji, aliyekuwa kando ya kioo, alifurahi. "Vizuri, mmenipunguzia kazi. Msusi, huyu ndiye mumeo."

Fundi alitakiwa kujibu. Angesema nini? Kwa sauti ipi? Kulikuwa na njia moja tu ya kutoka, na alikuwa ameitumia tangu ujana wake. Alipojifanya mtu mwingine, maneno yalimtoka kama maji ya bomba. Siri hiyo ndiyo iliyompa kazi ya katuni. Akavuta pumzi, akatoa tumbo ambalo hakuwa nalo, na sauti ya Baba Boga ikajaza ukumbi.

"Mke wangu! Benchi nimekuachia, viatu umepata, bado tu umenuna?"

Msusi akaangusha mkoba. Sauti ile, ile ya mkate wa moto, ilikuwa inatoka kwenye kile kijiti cha mtu! Akacheka bila ruhusa yake mwenyewe, kisha akaikamata dharau yake kabla haijakimbia.

"Kumbe ulimi unao," alisema. "Sokoni ulikuwa unauogopea jua?"

Fundi akainama kufunga kamba ya kiatu. Msusi akahesabu: anaongea kazini tu, watu wa kawaida hatustahili. Akamwandika kichwani kwa wino mzito: mwenye kiburi.

"Haya, boga na mnara, njooni hapa," alisema Springi, akigonga fimbo sakafuni. "Shikaneni. Nimesema shikaneni, siyo kushikilia ngazi! Dada, hizo ni nyonga au bawaba? Bawaba zina nafuu, zinapakwa mafuta. Na wewe kaka, ukimsukuma hivyo tutajua unahamisha kabati."

"Mwalimu," Msusi alisema, "kwani hukupata kazi ya kutukana kwenye katuni?"

"Mimi ni msanii, dada. Sitoi sauti kwa maboga."

"Ni kweli. Boga lingelalamika."

Hapo Fundi alicheka, na kicheko kilikuwa chake mwenyewe, chembamba, cha ghafla, hakina mkate wala joto la kuazima. Msusi akakisikia. Akashangaa kwamba amekipenda.

Masomo yakaendelea jioni baada ya jioni. Springi aliwadharau wote kwa usawa, hata feni. Viatu vyekundu vikalegea. Fundi, ambaye maneno yalimkwama, miguu haikumkwama hata kidogo. Alisikia mdundo kama alivyosikia ubovu wa mashine, na mkono wake ulikaa mgongoni mwa Msusi kama mtu aliyeshikishwa yai la jirani. Haukuteleza. Haukubana. Msusi alikuwa amezoea mikono inayodai, na huu haukumwomba chochote, akaanza kuuwazia anaposuka.

"Dada, umenisuka mistari inayokwenda ukutani," mteja mmoja alilalamika.

"Ndiyo mtindo mpya," alisema Msusi, akafumua.

Kisha zikaja simu. Msusi akiwa anapiga pasi sare ya Kidoti, simu ililia, akaibana kwa bega.

"Haloo."

"Mke wangu," sauti nene ilisema. "Nimepima kiuno changu leo. Futi imekataa, imeomba msaada."

Naye akabadilisha sauti, akaingia kwenye Mama Mnara. "Futi gani hiyo? Wewe unapimwa kwa kamba ya kufungia ng'ombe."

"Unanipenda lakini?"

"Kama chawa apendavyo kitana."

"Hayo ndiyo mapenzi, moyo wangu. Kitana hakiachani na chawa."

Walicheka mpaka pasi ikanuka. Wakati mwingine Fundi alitunga vituko vyake, wakati mwingine alisoma maneno ya kipindi, na Msusi aliacha kutofautisha. Walikuwa wanafanya mazoezi, alijiambia. Mtu anajidanganya kwa kile kinachomfaa.

Jioni moja alithubutu kuuliza kwa sauti yake halisi, "Kwani wewe huna sauti nyingine? Hii ya boga unalala nayo?"

Fundi alikuwa amekaa karakanani juu ya friji iliyolazwa chali, midomo imetangulia, sauti haiji. Alitaka kumwambia. Aliogopa kwamba mwanamke mwenye ulimi ule, anayewamalizia watu sentensi kabla hawajazianza, hatakuwa na subira ya kumngoja. Akarudi kwenye boga.

"Hii huitaki, mke wangu? Iko kwenye punguzo."

"Kaa nayo," alisema Msusi, akijua kidogo kwamba ameumia, asijue wapi.

Kidoti, aliyekuwa anapaka rangi sakafuni, aliuliza, "Mama, kwa nini unamtukana Baba Boga kila siku?"

"Ndiyo kazi inayotulisha."

"Na yeye hachoki?"

"Yeye ni katuni."

Kidoti akafikiri, akampaka Baba Boga machozi ya kijani.

*

Ukurasa wa mwisho wa kipindi ulichelewa. Mwongozaji alisema bado uko kwa mfasiri, utakuja siku ya kurekodi. Msusi alilijua hilo. Ndiyo maana, siku mbili kabla, simu ilipolia akiwa anaosha vyombo na mikono imejaa povu, hakushtuka kusikia maneno mapya.

"Mke wangu," sauti ya Baba Boga ilisema, lakini polepole kuliko kawaida. "Mimi boga nimechoka kukaa shambani peke yangu. Nataka jiko lako. Nataka tuzeeke humo, tugombane kuhusu chumvi, mtoto akue anatucheka. Nikuoe?"

Ah, amepewa ukurasa wa mwisho kabla yangu, Msusi aliwaza, na moyo ukamdunda bila sababu rasmi. Akaukanyaga. Akakung'uta povu, akainua pua, akatoa Mama Mnara bora kuliko wote aliowahi kuwatoa.

"Nani? Wewe? Nizeeke na wewe? Afadhali niolewe na mwiko. Mwiko ukisimama chunguni angalau unafanya kazi!"

Akangoja kicheko. Hakikuja.

"Haya," sauti ikasema, na ilikuwa ndogo kiasi kwamba haikujulikana ni ya nani. Simu ikakatika.

Msusi akacheka peke yake. "Nimempiga hadi ameishiwa maneno," alimwambia Kidoti.

Karakanani, Fundi aliiweka simu juu ya friji kama mtu anayeweka kitu cha moto. Alikuwa amejipanga tangu asubuhi. Alikuwa amevaa shati jeupe, kwa ajili ya simu, mpumbavu wee! Kana kwamba shati linaonekana. Mwoga aliyetuma boga kwenda kumposea, sasa analia kwamba boga limekataliwa. Lakini hakuliona hivyo. Aliona tu kwamba amedharauliwa, na kwamba alistahili.

Siku ya kurekodi alifika mapema. Hakumtazama mtu. Mbao zilikuwa zimetandazwa studio ili hatua zisikike, kipaza sauti kikaning'inia juu yao. Msusi alikuja na gauni jekundu la kuendana na viatu, hereni ndefu, manukato nyuma ya masikio. Fundi akamshika kama anavyoshika mlango wa friji ya mteja mkorofi.

"Habari za tangu juzi?" Msusi alinong'ona.

Fundi akatikisa kichwa tu.

Haya, Msusi aliwaza. Sasa nimemzoea, ndiyo amerudi kwenye benchi lake. Wanaume! Ukiwachekea wanadhani umewasujudia. Na dharau iliyomtoka wakati wa kurekodi haikuwa ya kuigiza. Walicheza, wakahema, akamtukana kwa pumzi za kweli na jasho la kweli, naye akajibu kwa sauti ya boga bila kukosea hata herufi, macho yake ukutani.

"Safi!" Mwongozaji alipiga makofi nyuma ya kioo. "Tangu nianze kazi hii sijasikia dharau iliyoiva namna hii. Tumemaliza. Nendeni nyumbani."

Fundi alikuwa wa kwanza kutoka. Viatu vyeusi vikasikika kwenye ngazi, kisha havikusikika.

"Bado kipande kimoja, mama," Msusi alisema, akijifuta shingo. "Kile cha jiko na chumvi."

"Kipi hicho?"

"Cha mwisho. Boga anamwambia mkewe amechoka na shamba, anataka wazeeke jikoni, anamwomba amuoe."

Mwongozaji akavua miwani. "Msusi, kwenye mwisho huo mliorekodi sasa hivi, boga anavunja sakafu kwa kucheza, anazama akiomba ngazi. Na hao wameoana tangu kipindi cha kwanza. Amuoe mara ngapi?"

Kijana wa mitambo ya kurekodi akacheka. Mwongozaji hakucheka. "Aliyekwambia hayo nani?"

"Yeye. Kwenye simu. Kwa sauti ya Baba Boga."

"Na wewe ukamjibu kwa sauti gani?"

Msusi akakaa juu ya zile mbao, gauni jekundu likamzunguka. "Lakini kwa nini asiseme kama watu? Kwa nini ananiongelesha kwa boga, na kwa sauti yake hata salamu hataki kunipa? Mtu ana dharau kama—"

"Ana kigugumizi, mwanangu."

"Ana nini?"

"Kigugumizi. Akiwa boga hana, akiwa yeye kinamkaba. Nilidhani unajua. Mnashikana kila jioni, hukuwahi kumsikia akianza neno?"

Alikuwa amemsikia. Sokoni, mbele ya watu: "Sa—". Naye akamalizia. Akammalizia kwa uongo, tena akamcheka soksi. Katika hesabu zote za dharau alizowahi kufanya, na Msusi alifanya nyingi, hii ndiyo ya kwanza iliyotoka na jina lake mwenyewe chini.

Akachukua simu. Ililia mpaka ikakaribia kukata tamaa.

"Mke w—" sauti nene ilianza kwa mazoea, ikavunjika.

"Usiseme kitu," alisema Msusi. "Nisikilize. Juzi nilidhani ni maneno ya kipindi. Walahi nilidhani umepewa ukurasa wa mwisho. Aliyekujibu siyo mimi, ni yule mwanamke wa minara. Jumamosi alasiri uje nyumbani kwangu. Mlango wa kijani, nyuma ya kituo cha maji. Lakini uje na sauti uliyozaliwa nayo. Ile nyingine ina mke tayari, na mkewe namfahamu, hafai."

Simu haikukatika. Msusi alisikia pumzi, na pumzi zile alizijua kwa kucheza nazo.

*

Jumamosi Msusi alifagia, akafuta meza, akaifuta tena. Alivaa gauni la kawaida la maua na ndala. Viatu vyekundu alivificha, asije akaonekana amejiandaa. Hodi ilipogongwa, Kidoti aliruka, akafungua.

Fundi alisimama nje ya kizingiti. Shati lile jeupe la simu, suruali iliyopigwa pasi mpaka inakata, viatu vyeusi. Jicho la mtoto likampanda na kumshuka. Fundi akaingiwa na hofu, na hofu ikamfanyia ile ile ya siku zote.

"Habari yako, bibie mdogo!" ilinguruma sauti ya Baba Boga.

"Mama! Mama, ni Baba Boga! Lakini amekonda!"

Msusi akaja mlangoni, akashika kitasa, akatikisa kichwa taratibu. "Huyo hatukumwalika."

Fundi akaelewa. Tumbo la kuazima likashuka, mabega yakashuka, na palipobaki alisimama mtu mmoja tu, mrefu, mwembamba, hana pa kujificha.

"Mi—" alisema. Ilikuwa sauti nyembamba, sauti ya kile kicheko cha ukumbini. "Mi-mi-mimi..."

Kope zikamtetemeka. Shingo ikakaza. Njiani baiskeli ilipita, mtu akaita mtu, bomba la jirani likafunguliwa likafungwa. Kidoti alisogea karibu, akamtazama midomo kwa makini, kama anavyomtazama mama yake akifungua kopo gumu.

"Mimi na-na-nataka..."

Ulimi wa Msusi ulimwasha. Sentensi yote alikuwa nayo, aliiona imekaa mbele yake imekamilika, angeweza kuichukua na kuimaliza kwa pumzi moja kama alivyozimaliza za wateja, za huyu huyu sokoni, za mtoto wake. Akauma mdomo. Akashika kitasa kwa nguvu.

"Nataka tu-tu-tuze..."

Jasho lilimtiririka Fundi kwenye paji la uso, na hakulifuta, na hakukimbia. Baba yake Kidoti hakuwahi kukwama hata kwenye neno moja. Msusi alimtazama huyu anayepigana na kila herufi ili aifikishe mlangoni kwake, na ile hakika ambayo hakuwahi kuitafuta ikamkuta amesimama pale pale na ndala.

"Ndiyo," alisema, machozi yakimtangulia. "Ndiyo, nimekubali, ingia nda—"

Kidoti akanyoosha mkono juu, kama shuleni.

"Mama, hajamaliza kusema."